Birika la Mwanakhamisi

Mshindo, Iringa
9 Juni 2024

Mdogo wangu Mwanakhamisi,

Barua yako ameniletea kondakta wa basi, imekunjwa kama karatasi ya kufungia karanga. Nimeisoma. Unaniambia kwamba wewe na akina mama wa Mwanjelwa mmekodi Coaster, mnakwenda pwani ya Tanga kwa "matembezi ya ufukweni na kutembelea maeneo ya kihistoria ya dini". Maneno hayo si yako. Umeyanakili kwenye tangazo.

Sisi tuliozaliwa Kimbwini hatukuwahi kufanya matembezi ya ufukweni. Watu walishuka pwani kuokota chaza, kuchota mchanga wa kusugulia sufuria, na kujisaidia. Aliyetembea huko bila shughuli alidhaniwa ana wazimu au anavizia nyavu za watu. Sasa mtakwenda kundi zima, mmevaa fulana za rangi moja, mpigane picha mahali pa kujisaidia. Na huyo Faustina, jirani yako Mkatoliki, anakwenda kutafuta nini kwenye misikiti mibovu?

Sasa suala la Naima. Baba yake, mwanangu, tulimzika hapa Iringa, kwa hiyo walii wake, mwenye kumwozesha, ni mimi na jibu langu ni lile lile. Huyo Obeid anayemposa ni Msangu wa Igawa mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Sina ugomvi na mashine. Sina ugomvi hata na Uislamu wake, ingawa nasikia Igawa wanasoma Fatiha kama watu wanaoita ng'ombe. Lakini sheria ina neno kufu: mume awe wa daraja moja na mke. Bibi yetu mzaa baba, ambaye wewe umepewa jina lake, alikuwa mtu wa nyumba kubwa pale Kimbwini. Baba alituambia hivyo kila tulipomuuliza. Kizazi cha mtu wa nyumba kubwa hakiendi Igawa kupepeta pumba.

Mwisho. Umeandika "birika yangu imetoboka". Birika langu limetoboka. Umekaa Mbeya mpaka Kiswahili kimekugandia mdomoni kwa baridi. Wala sikushangai. Baba alipokuwa akikata roho, nasi wote tumemzunguka, alisema hivi tu: "Waambieni. Birika ni la Mwanakhamisi." Basi mimi nikachukua vitabu, wewe ukachukua birika la shaba. Alijua kila mtoto anafaa nini. Lipeleke kwa fundi alitie risasi.

Kaka yako,
Alawi bin Habibu, wa Kimbwini


Mwanjelwa, Mbeya
20 Juni 2024

Shikamoo Kaka,

Barua imefika. Nimesoma mwenyewe, maana kuandika na kusoma nilijifunza ukubwani, wewe ukiwa umeshamaliza vitabu vyote vya Baba na hukunifundisha hata alifu.

Birika langu nimelipeleka kwa fundi. Umeona? Langu. Umefurahi?

Wewe unasema mimi nimeganda. Na wewe je? Umeletwa Iringa mtoto, sasa huna hata jino la nyuma, bado unatembea Mshindo na kofia yako ya kudarizi kama mgeni aliyefika jana na basi la usiku. Mhehe anakusalimia "kamwene", unamjibu kwa Kiarabu. Hao hao Wahehe ndio waliobeba jeneza la mkeo na la mwanao. Sijaona mtu wa Kimbwini aliyekuja.

Kuhusu Naima. Sheikh wetu hapa anasema walii akikataa bila sababu ya sheria, yeye mwenyewe atamwozesha. Mimi nilitaka tufanye hivyo hivyo, tukuletee wali kwenye hotipoti ukiwa umeshanuna. Lakini mtoto amekataa. Anasema, "Bibi, bila Babu siolewi." Mjinga kama marehemu baba yake. Kwa hiyo ufunguo umebaki kwako peke yako. Wazee wa Obeid wanasubiri mpaka Maulidi yapite. Wakiambiwa hapana tena, wataposa kwingine, na wana haki.

Faustina anakwenda kuona kanisa la wamisionari wa kwanza. Pwani kumbe kuna na mambo ya kwao. Amenunua viatu vipya kwa ajili ya bahari. Nimemwambia bahari haivaliwi viatu, hasikii.

Nitapita Kimbwini. Upende usipende.

Mdogo wako,
Mwanakhamisi


Mshindo, Iringa
30 Juni 2024

Mwanakhamisi,

Sheikh wenu amesema "bila sababu ya sheria". Kufu ni sababu ya sheria. Mwambie asome kurasa zote za kitabu, asiishie ule wenye picha ya msikiti.

Lakini nenda, na ukifika Kimbwini usikae kupiga picha. Kuna nyumba moja ya mawe, ya ghorofa, karibu na msikiti mdogo. Ndiyo nyumba kubwa. Baba akipita na mimi hapo alikuwa akiinama kidogo, kwa heshima ya mama yake. Uliza nani amebaki. Mtaje Baba. Watakupokea, watakupa kiti, na watakutajia ukoo wetu jina baada ya jina. Uyashike majina hayo yote kichwani, uniletee kama yalivyo. Kisha umwite huyo mkoboa mpunga, umtajie, na umwulize yeye ana nani wa kutaja.

Baada ya hapo sitaki tena kuandikiwa habari za posa.

Alawi bin Habibu, wa Kimbwini


Mwanjelwa, Mbeya
28 Julai 2024

Shikamoo Kaka,

Nimerudi. Miguu imevimba, lakini mkono wa kuandika mzima.

Nitakueleza siku yenyewe, maana ulinituma.

Tulianza asubuhi kanisani kwa wamisionari. Faustina alipiga magoti, akalia sana, akasema hapa ndipo Injili iliposhukia. Kisha tukashuka pwani, maji yamekupwa mbali kabisa. Akachota kidogo mkononi, akaonja, akatema. "Mama Mwana, maji yote haya na hayanyweki? Si bora Ziwa Nyasa!" Viatu vyake vipya vilibaki kwenye tope la mikoko, kimoja mpaka leo.

Tulitembea juu ya mchanga mgumu, kanga mkononi. Nilidhani nitakumbuka kitu. Nilikumbuka harufu ya mwani uliooza, basi. Mtembezaji wetu alikuwa na kipaza sauti, na kila jiwe kwake ni la Mshirazi. Makaburi yenye nguzo ni ya Mshirazi. Msikiti usio na paa ni wa Mshirazi. Faustina akamuuliza na lile banda la samaki je, akahamia jiwe jingine.

Alasiri ndiyo tukafika Kimbwini. Nyumba yako kubwa, Kaka, imebaki ukuta mmoja, mtini umeota dirishani. Pembeni kuna kibanda cha bati, na barazani amekaa bibi mmoja mkubwa kuliko sisi, Bi Mwanatumu, wa nyumba hiyo hiyo. Hakutupa kiti. Akauliza tunatoka wapi.

"Mbeya," nikasema.

"Aa. Bara." Kama mtu aliyemeza nzi.

"Lakini mimi mzaliwa wa hapa. Binti Habibu."

"Habibu yupi? Hapa Habibu walikuwa wengi."

"Habibu wa Mwanakhamisi."

Basi bibi akapiga paja. "Habibu wa birika! Nyie bado mko hai?"

Nikafurahi. Nikasema kaka yangu anakusalimu, anasema bibi yetu alikuwa mtu wa nyumba kubwa, ya kwenu hii. Alicheka mpaka akakohoa. Sikiliza alivyosema, nakuandikia maneno yake, sijaongeza chumvi:

"Mtu wa nyumba, ndiyo. Si mwenye nyumba. Kama kinu kilivyo cha nyumba, na mchi ulivyo wa nyumba. Alikuwa mjakazi wa babu yangu, mama. Mrori. Aliletwa kadogo, kamefungwa kamba na wenzie, kutoka huko huko kwenu bara. Na mumewe naye mtumwa wa shamba, hao hao."

Alisema bila aibu, kama mtu anayetaja bei ya nazi. Kisha akatupeleka msikitini, akatuonyesha kwa fimbo.

Ni birika, Kaka. Si la chai. Birika la kutawadhia, limejengwa kwa mawe na chokaa, lina ngazi za kushukia na jiwe la kusugulia miguu. Mtembezaji aliposema kwenye kipaza sauti, "Na hili ni birika," Faustina alishangaa: "Birika kubwa hivi, chai yake wananywa akina nani?" Kisha alipoona ngazi akasema, "Aa, la kubatizia." Mimi pia, Kaka, nimeshika shaba miaka yote hii, nilikuwa sijui kama kuna birika la namna nyingine. Wewe ulijua. Wewe unajua maneno yote.

Bi Mwanatumu akasema Bibi alipoachiwa huru alisuka mikeka mpaka vidole vikapinda, akajenga birika lile, maana msikiti haukuwa nalo. Wakubwa wakakataa kugusa maji ya mjakazi. Wakatawadha kwao. Walipokufa wale wakubwa, watoto wao wakaanza kusema birika alijenga babu yao. Ndipo Baba siku ya Ijumaa akasimama katikati ya msikiti, akapiga kelele: "Birika ni la Mwanakhamisi!" Wakamtoa nje kwa mabega. Tukahamia Iringa.

"Alitutia aibu," Bi Mwanatumu akasema. "Kwani tungesema la babu, lingepungua maji?"

Mimi nilishuka zile ngazi, nikakaa chini kabisa. Kukavu, kuna majani. Akina mama walidhani nimeanguka.

Kwa hiyo Baba hakusema nipewe kitu, Kaka. Alisema waambieni. Wao, wa Kimbwini. Na sisi tukagawana vyombo.

Ulinituma kuleta majina ya ukoo. Nimeleta moja, na ni langu. Hiyo ndiyo kufu yetu. Sasa nimwite Obeid nimtajie?

Mrori ni nini? Faustina anasema labda mtu aliyeletwa kwa lori. Nimemwambia lori gani, na Mjerumani hata hajajenga barabara.

Mdogo wako,
Mwanakhamisi


Mshindo, Iringa
6 Agosti 2024

Mwanakhamisi,

Nilikutuma kwa watu, umekwenda kumsikiliza kikongwe mmoja kwenye kibanda cha bati, mbele ya mwanamke aliyepoteza kiatu baharini. Huo si ushahidi. Wazee wenye kinyongo hubuni mambo, na Kimbwini ilijaa kinyongo hata nilipokuwa mtoto. Mwanakhamisi ni jina la nusu ya wanawake wa pwani.

Mrori ni neno la zamani la wasafiri. Halina maana tena. Usilibebe.

Hata kama yote hayo yangekuwa kweli, hapa Iringa hakuna anayejua, na hakuna haja ya kumjulisha mtu. Jibu langu kwa watu wa Igawa ni lile lile. Usimsomee Naima barua hii wala yako. Mwambie Faustina historia ya dini imekwisha, arudi kupalilia viazi.

Alawi


Mwanjelwa, Mbeya
25 Agosti 2024

Babu mume wangu, shikamoo,

Ni mimi mkeo, Naima. Usishtuke, sijaja kulia. Ukinikatalia Obeid, basi nioe mwenyewe, lakini ujue mimi sipiki chapati, na nasikia wewe hutafuni mkate wa juzi.

Nimesoma barua zote, zako na nakala za zile Bibi alizokuandikia. Hazikufichwa. Zilikuwa chini ya ile birika, na birika haiko tena jikoni. (Najua, halipo. Niache.) Bibi amelisugua kwa limau na majivu mpaka linawaka, halafu amelifungia kabatini. Chai tunachemshia kwenye sufuria. Nikimuuliza, anasema, "Halikuwa langu. Nilipewa tu kimakosa." Babu, hajawahi kuwa mkimya hivi. Faustina akija na porojo zake, anamuitikia tu ndiyo, ndiyo.

Mimi kuwa kizazi cha mjakazi hainiumi. Huyo bibi alijenga kitu mpaka leo kimesimama, na ile ghorofa imebaki ukuta. Kinachoniuma ni wewe kumwita Obeid si mtu wa kutaja, halafu wa kwako akitajwa unasema neno lake tusilibebe.

Obeid sijamwambia, ila nimemuuliza Mrori ni nini, hajui. Nimetafuta kwenye simu, imeniletea matangazo ya malori yanayouzwa. Babu, wewe uliwahi kunifundisha tofauti ya kisogo na utosi nikiwa sijaanza hata shule. Hakuna neno ulilowahi kuniambia halina maana. Hili la kwanza.

Mrori ni nini?

Usipojibu, nitajua kwamba unajua. Maulidi ni katikati ya mwezi ujao. Wazee wake wakija, nitakaa ndani, sitatoka, na Bibi atawaambia vile utakavyokuwa umeandika.

Mkeo mdogo,
Naima


Mshindo, Iringa
7 Septemba 2024

Mdogo wangu Mwanakhamisi, na Naima umsomee,

Niliandika kwamba neno Mrori halina maana. Nilipokuwa nikiliandika kitabu kilikuwa wazi mezani, na kidole changu juu ya mstari wenyewe.

Wasafiri wa pwani waliokwenda bara siku za misafara waliwaita Wasangu kwa jina la Warori. Mrori ni Msangu. Ndivyo lilivyo, wala hakuna maana ya pili ya kukimbilia. Nimeitafuta kwa wiki nne. Bibi yetu alichukuliwa akiwa mtoto kutoka nchi ile ile ambako Obeid anakoboa mpunga. Huenda kuna watu Igawa waliomtafuta wakachoka. Huenda ni ukoo wake Obeid, huenda siyo. Mimi siandiki nisichokijua.

Kwa hiyo nilikuwa na haki kuhusu kufu. Hatulingani. Wa kwao hawakuuzwa. Kama kuna upande wenye sababu ya kukataa posa, ni upande wao, na wakikataa sitakuwa na kitabu cha kuwafungulia.

Baba hakuinama pale mlangoni kwa heshima. Nimefikiri sana juu ya shingo yake. Mtu akiinama kwa heshima hutazama chini. Yeye alikuwa akitazama msikitini, kwenye birika, chini ya ukingo wa kofia, wale wa barazani wasimwone. Nami nikaigeuza shingo hiyo kuwa nasaba, nikaitembeza Iringa nzima.

Sasa sikilizeni, mpate cha kucheka. Jana baada ya swala ya Ijumaa nilisimama. Imamu alidhani nataka kuchangisha, akatazama saa. Nikasema: mimi Alawi, mnayenijua kwa maneno mengi juu ya Kimbwini, bibi yangu alikuwa mjakazi, Msangu, na alijengea msikiti wa huko birika la kutawadhia, na waliokuwa wakubwa wakalidai ni lao. Nikasema birika ni la Mwanakhamisi.

Hakuna aliyenitoa nje kwa mabega. Hiyo ndiyo dharau ya watu wa Iringa: hawakushtuka hata kidogo. Mmoja aliniuliza kama nahitaji maji ya kunywa. Muuza vitenge wa Miyomboni, ambaye sijawahi kumpa mkono sawasawa kwa kuwa babu yake alikuwa mpagazi, alinisogelea akanisaidia kuvaa viatu. Akasema, "Na wangu naye alikuwa Mrori, Mzee. Tulikuwa tunakungoja useme." Sijawahi kuchukia hivyo msikitini. Nimekwenda naye mpaka nyumbani kwake na nimekula wali wake. Ulikuwa na mafuta mengi.

Nimemwandikia pia imamu wa Kimbwini, kwa Kiswahili ambacho Bi Mwanatumu atahitaji kusomewa mara mbili.

Mwambie Obeid naja. Nitashuka Igawa, si Mbeya, maana mwenye kuomba huenda kwa anayeombwa. Asije kunipokea na pikipiki. Kama kuna mzee kwao anayekumbuka habari za watoto waliopotea zamani, amkalishe nami, hata kama Kiswahili chake ni cha kuchukiza. Baadaye nitaozesha, na nitasoma khutba mwenyewe. Hiyo ya sheikh wenu sitaivumilia. Naima, kaa mbali na chapati.

Mwanakhamisi, toa birika kabatini. La shaba nalo ni lako, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa na kazi katika nyumba ya Baba, na mimi nilichukua vitabu ambavyo havikuniambia kitu mpaka mwanamke wa Mwanjelwa alipotembea ufukweni. Lichemshe. Nikifika nitakunywa, na usilete sukari ya kunipendeza.

Na yule Faustina mwambie neno lake la lori lilikuwa la kijinga. Lakini yeye aliuliza. Mimi sikuuliza.

Baba alisema: waambieni. Nimewaambia.

Alawi wa Habibu wa Mwanakhamisi